Kwa Nini Dogo Mwewe Alikuwa Akianza Upya

Kijana akiota ndevu, mabawa humkataa. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyoamini kwa moyo wangu wote, mimi Gwakisa, mhitimu wa darasa la jioni, mtu mzima mwenye mke na migomba yake. Niliamini kwamba huko Marekani, juu ya mlima mrefu kuliko Rungwe, kuna jozi moja tu ya mabawa ya kweli, yenye manyoya na yenye roho. Kijana anayechaguliwa kuyavaa kwenye sinema huruka vizuri mpaka siku unywele wa kwanza utakapochomoza kidevuni. Siku hiyo mabawa humbwaga chini kama punda aliyechoka. Ndipo hutafutwa kijana mwingine mwenye kidevu laini, na hadithi huanzishwa tena tangu mwanzo ili mabawa yasishtuke kwamba yamebadilishiwa mtu.

Chekeni, lakini chekeni kidogo. Ninyi mnatazama sinema kwenye simu, mmelala, mkono mmoja kwenye bakuli la bisi. Mkitaka kujua jambo mnaiuliza simu hiyohiyo, nayo inawajibu kabla hamjamaliza kupiga chafya. Sisi tulikuwa tunamuuliza dereva wa lori.

Kazi yangu ilikuwa kufasiri filamu kwenye kibanda umiza, pale karibu na stendi ya Tukuyu, miaka ile ya ruksa. Kwa wasioijua miaka hiyo: kwa muda mrefu maduka yetu yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, halafu ghafla milango ikafunguliwa, vitu vikaingia nchini kama mto Kiwira mwezi wa nne. Mitumba, redio, sabuni zenye harufu ya maua ambayo hayaoti kwetu, na kanda za video. Mimi nilinunua runinga, deki na jenereta moja ambayo ikinguruma, kuku wa Kyela walikuwa wanaacha kutaga. Nikapanga mabenchi, nikaziba madirisha kwa magunia, nikashika maiki. Filamu inazungumza Kiingereza, mimi nazungumza Kiswahili juu yake, sauti zote peke yangu: jambazi, polisi, mchumba, mbwa.

Kiingereza nilikipata kwenye darasa la jioni la elimu ya watu wazima. Kilikuwa Kiingereza cha kutosha kuuza ng'ombe London na kurudi na chenji sahihi. Lakini kufasiri sikufundishwa na Kiingereza. Nilifundishwa na Mzee Asajile, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisimama kanisani kando ya mhubiri mgeni na kuyageuza mahubiri kuwa Kinyakyusa. Nilipomwendea na hofu zangu aliniambia, "Gwakisa, mfasiri akinyamaza, watu wanadhani Mungu naye amenyamaza. Usinyamaze. Usipoelewa, waombeshe."

Basi mimi nisipoelewa, majambazi wangu walikuwa wanasali. Mmewahi kuona jambazi wa Kimarekani ameshika bunduki anasema "Ee Kyala, Mungu wangu, nisaidie nimpate huyu mshenzi"? Tukuyu tumeona. Wamama wa kanisani waliokuwa wakipita nje walikuwa wanaitikia "Amina".

Nawapa na ufundi mwingine, japo hamtauhitaji. Kwetu mvua hainyeshi; inaishi. Kanda ikikaa wiki chache bila kuchezwa, inaota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Usiianike juani, jua lenyewe utalipata wapi? Itie kwenye debe lenye mchele mkavu, weka debe jikoni, mbali na moto kiasi cha kuweza kushika bati kwa mkono bila kuuondoa. Na kichwa cha deki usikifute kwa pamba. Pamba huacha nyuzi, na uzi mmoja unaweza kumfanya mchumba wa watu aonekane ana masharubu. Futa kwa kipande cha kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka imesahau maneno yake, uliyoilowesha kwa spiriti.

Na jambo la mwisho la ufundi, ambalo nilijivunia kuliko yote: nilikuwa naruka mwanzo wa kanda. Mwanzo una nembo za kampuni, majina na maandishi, na watu wangu hawakulipa kiingilio waje wasome. Nilikuwa nabonyeza, kanda inakimbia, naiachia pale kijana anapoamka kitandani. Watu wanapiga makofi. Mzungu aliyetengeneza filamu ametumia muda wake wote kuandika majina, mimi namfuta kwa kidole kimoja.

Sasa, Dogo Mwewe. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na hapakuwa na mtu Tukuyu aliyeweza kulitamka bila kujing'ata ulimi, kwa hiyo nilimbatiza mwenyewe. Mwanafunzi wa sekondari, yatima, analelewa na bibi yake, mchana anachekwa shuleni kwa wembamba, na anapovaa mabawa anawashukia waovu kama mwewe anavyoshukia vifaranga. Kwenye kanda ya kwanza alikuwa na mwalimu wake, shujaa mzee mwenye nguvu za upepo, nikamwita Kimbunga. Kimbunga ndiye aliyemfundisha kuruka. Watu walimpenda Kimbunga pengine kuliko kijana mwenyewe, kwa sababu nilimpa sauti ya Mzee Asajile. Na bibi nilimpa Kinyakyusa kitupu. Kijana akirudi amechanika shati, bibi anamwambia "Ugonile, mwanangu," yaani umelalaje, ingawa ni jioni, na vikongwe waliokuja na wajukuu zao wanatoa machozi.

Kibanda kilijaa mpaka watu wakawa wanapumua kwa zamu.

Halafu ikaja kanda ya pili. Nikaitangaza kwa spika mji mzima: Dogo Mwewe amerudi! Nikaruka mwanzo kama kawaida yangu, nikaiachia. Kijana akaamka kitandani. Hakuwa yeye. Huyu alikuwa na pua nyingine kabisa, na nywele za mawimbi. Bibi amekuwa kijana kuliko mama yangu mdogo, amepaka rangi ya mdomo. Na hadithi imeanza upya: kijana hajui kuruka, hana mabawa, anachekwa shuleni, yaani kama vile yale yote tuliyoyaona pamoja hayakutokea. Tukangoja Kimbunga aje amfundishe. Tukangoja. Kijana akajifundisha mwenyewe kwenye paa la nyumba, na Kimbunga hakuonekana wala hakutajwa, hata kama marehemu.

"Gwakisa! Huyu nani?"

"Kimbunga yuko wapi, we mwizi?"

"Turudishie kiingilio! Umetuletea mdogo wake!"

Nilijitetea kwa maiki kwamba kijana amepasuliwa sura hospitalini. Ganda la ndizi likanitua begani.

Kesho yake nilimkimbilia Ambokile, dereva wa lori aliyekuwa akiniletea kanda kutoka mpakani Kasumulu. Mtu mkubwa, mwenye tumbo la heshima, aliyewahi kufika mpaka Durban, kwa hiyo kwetu alikuwa chuo kikuu. Alisikiliza huku anakula parachichi kwa kijiko, kisha akatazama huku na huku.

"Kaka," akasema, "wewe hujui habari ya ndevu?"

Ndipo akanieleza mlima, mabawa, na kidevu.

"Na Kimbunga?"

"Kimbunga ndiye aliyekuwa mlinzi wa yale mabawa. Kijana wa kwanza alipobwagwa, Kimbunga akasusa. Ametoka kazini. Wazungu hawataki hata kumtaja."

Niambieni, kuna pengo hapo? Kila kitu kiliingia mahali pake kama mpini kwenye jembe. Jioni ile niliwaeleza watazamaji wangu, na niliongeza chumvi yangu kidogo, kilo mbili hivi. Wakatulia. Wengine wakaanza kutazama videvu vya vijana wa mtaani kwa huruma. Nikawa tena mfalme wa Tukuyu, na hata kanda ya tatu ilipokuja na kijana wa tatu, naye akianza upya, hakuna aliyenirushia ganda.

Ufalme wangu ulikuwa na mwiba mmoja, na jina lake ni Shebe.

Niwaambie ukweli vijana wangu: mpaka leo, nikiwa na mjukuu anayeota ndevu, nikisikia jina la Shebe nabadilisha mazungumzo. Shebe alikuwa fundi cherehani, mtoto wa mafundi waliotoka pwani enzi za babu zao, na alifungua kibanda chake kata ya Bagamoyo, ya hapohapo Tukuyu, mwendo wa kumaliza muwa mmoja kutoka kwangu. Runinga yake ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi. Paa lake halikuvuja. Niambieni, ni paa gani Tukuyu halivuji? Alikuwa na meno yaliyopangwa kama wanafunzi mstarini. Na Kiswahili chake! Mimi nilisema "njoo hapa, mpenzi," yeye alisema maneno ambayo hata mabenchi yalijisikia yametongozwa. Mke wangu alikwenda kule mara moja, eti kushonesha gauni, akarudi ananiambia, "Shebe anasema 'tafadhali' kwa jambazi." Nilikosa usingizi mwezi mzima. Nilikonda mpaka mkanda wa suruali ukanizunguka mara mbili.

Kilichoniudhi zaidi ni uvivu wake, au nilichokiita uvivu. Shebe hakuruka mwanzo wa kanda. Aliacha nembo na maandishi yaende mpaka yaishe, huku anapitisha kahawa na kashata kwa watazamaji. Nilikuwa namsema kijiweni: "Mwenzetu anaonyesha watu alfabeti."

Basi siku moja Shebe akatangaza kwa spika kwamba ana kanda ya Kimbunga. Kimbunga peke yake! Filamu yake mwenyewe! Niliingia kule nimevaa kofia ya mvua mpaka puani. Kweli bwana, Kimbunga alikuwa hai, mwenye afya, anapeperusha magari. Lakini jambo la ajabu: filamu nzima hakumkumbuka kijana wake. Hakumtaja, hakumuulizia. Alikuwa na mwanafunzi mwingine, msichana wa kurusha barafu. Watu walitoka pale wananitazama mimi, kofia haikusaidia kitu.

"Gwakisa, si ulisema amesusa kazi?"

"Kasusa! Amerudi kwa hasira!"

"Mbona hana hasira?"

Kuanzia hapo benchi za mbele zikaanza kuwa tupu. Mfasiri akishaonekana hajui mambo ya mashujaa wake, hata mbwa wake wa sauti hawaaminiki. Mke wangu akaanza kuniambia kwamba shamba la chai la baba yake linahitaji mchumaji. Mnajua maana ya kuchuma chai kwa mkwe? Kila jani unalochuma linakusimanga.

Wakati huohuo wazazi wa Ikuti walikuwa wanajenga madarasa ya shule. Kamati yao iliamua kuonyesha filamu kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa shule, kipindi chote cha kiangazi, watu wachangie kwa kiingilio. Walitaka filamu za Dogo Mwewe, zote, kwa mpangilio, na mfasiri mmoja. Nikisema Ikuti nasema pia Suma na vijiji vyote vinavyosikiana kwa ngoma. Atakayechaguliwa, kibanda chake kitaishi. Atakayeachwa, ajifunze kuchuma chai. Wakatuita wote wawili, mimi na Shebe, tukajieleze.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Subilaga, mwanamke wa makamo, mwenye mashamba mengi ya migomba na chai na sauti ya kusimamisha ng'ombe. Tulikaa kwenye darasa lisilo na madirisha bado, mvua ya kiangazi chetu inadondoka nje. Nilikuwa nimevaa koti la harusi. Shebe alikuwa amevaa shati jeupe tu, limepigwa pasi mpaka linakata. Hata hilo lilinichoma.

"Ugonile, mama," nikaanza, maana hapo Shebe hakuniweza.

"Ndaga. Sasa ninyi wawili," akasema Mama Subilaga, "wajukuu wangu wananisumbua na swali moja. Huyu mtoto mwenye mabawa, kila mara anaanza upya, na kila mara ni mtoto mwingine. Na mzee wake wa upepo anapotea. Nani ataweza kuwaeleza watu wa Ikuti wakiuliza? Nani anajua? Gwakisa, anza."

Vijana, sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nilisimama. Niliupandisha mlima wangu mpaka ukafunikwa na theluji. Niliyapa mabawa kilio. Nilipofika kwenye ndevu, mjumbe mmoja wa kamati alishika kidevu chake bila kujijua. Kimbunga wangu alisusa kwa uchungu, akatupa funguo za mabawa bondeni, akaondoka bila kugeuka nyuma. Walinipigia makofi. Nilikaa chini natokwa jasho, na nikamtazama Shebe jinsi mtu anavyomtazama jirani ambaye ng'ombe wake amekufa.

"Shebe," akasema Mama Subilaga.

Shebe alikohoa kwa adabu, hata kikohozi chake kilikuwa na lafudhi nzuri. "Mama, na wazee wangu, mimi sina hadithi tamu kama ya ndugu yangu Gwakisa. Mimi nilikuwa naona mwanzoni mwa kanda za Dogo Mwewe, kuanzia ya pili, kuna nembo ya baragumu, na kwenye ile ya Kimbunga kuna nembo ya gurudumu. Nikashangaa. Nilipokwenda Dar kununua vitambaa, nikapita kwa muuzaji wa kanda halisi, nikamuuliza. Akaniambia ni kampuni mbili. Dogo Mwewe ana mwenyewe, na Kimbunga ana mwenyewe."

Mimi nikacheka, kicheko cha kununua kamati nzima.

"Ana mwenyewe! Wazee mmesikia? Mtu ana mwenyewe! Bwana Shebe, utumwa ulikwisha zamani!"

Wakacheka pamoja nami. Nilihisi Ikuti yote iko kiganjani.

"Siyo mtu, ndugu yangu," Shebe akasema taratibu. "Hadithi ya mtu. Waliowabuni wote wawili ni walewale, walikuwa wanawachora kwenye vitabu vya picha. Halafu wakaishiwa, wakaanza kuuza ruhusa ya kuwatengenezea filamu. Baragumu wakachukua kijana. Gurudumu wakaja baadaye wakachukua mzee."

"Na ile kanda ya kwanza? Mbona walikuwa pamoja?" nikauliza, nikijua nimembana.

"Ile ilikuwa kabla, wakati hawajauzwa. Aliyeitengeneza aliwakuta wote nyumba moja."

Mama Subilaga alikuwa ameacha kucheka. Aliinama mbele, viwiko magotini. "Na bibi je? Bibi mbona yupo kanda zote?"

"Bibi aliuzwa pamoja na kijana, mama. Yeye na shule yake na wale maadui zake."

"Kama ndama na mama yake."

"Hasa."

"Kwa hiyo hao wa Baragumu hawawezi kumwita mzee wa upepo hata kuja kusalimia?"

"Hawawezi hata kumtaja jina."

Yule mjumbe aliyeshika kidevu akadakia, "Sasa kwa nini wanabadilisha mtoto? Si wangeendelea na yuleyule?"

"Mikataba yao ina muda," Shebe akasema. "Wakikaa bila kutengeneza filamu, haki inarudi kwa wenyewe. Sasa wakati mwingine filamu haikupendwa, au kijana amekuwa mtu mzima, au amedai mengi mno, na muda unawakimbia. Wanatafuta kijana mwingine haraka haraka, wanaanza hadithi mwanzo, ilimradi iwepo filamu."

Nilisimama. Sikuomba ruhusa. "Mama Subilaga, hayo ni maneno ya dukani! Mtu mwenye akili yake atengeneze filamu si kwa sababu ana hadithi, bali kwa sababu anaogopa kunyang'anywa? Nani anafanya hivyo?"

Mama Subilaga alinitazama, kisha akaangalia nje kwenye mteremko, mahali ambapo vipande vya mashamba vilipakana, mahindi hapa, maharage pale, chai juu.

"Yule pale anafanya hivyo," akasema, akaonyesha kwa kidevu. "Kile kipande cha viazi. Ni changu. Nimemwazima. Kila mwaka anapanda viazi, hata mwaka jana alipokuwa anaumwa alimtuma shemeji yake apande hovyo hovyo, vikatoka viazi kama mbegu za parachichi. Unadhani alikuwa anataka viazi?"

Kamati nzima ikafanya "aaaa", ile ya kushuka, ya watu ambao wameelewa na hawatarudi nyuma. Kila mmoja mle ndani alikuwa ameazima shamba au ameazimwa. Nilimwona Shebe anatabasamu, meno yote mstarini, na wivu ulinipanda mpaka nikaona nyota mchana. Mimi ndiye niliyezaliwa na kukulia kwenye migomba! Mimi ndiye mwenye mkwe wa chai! Yeye mtu wa sindano na uzi anakuja kueleweka kwa shamba, na shamba lenyewe hakulitaja yeye, ameletewa na mwenyekiti kwenye sahani!

"Shebe atafasiri," Mama Subilaga akasema. "Jumamosi hii aanze. Gwakisa, jenereta yako tunaitaka, ina nguvu. Wewe mwenyewe ukitaka, njoo utazame."

Nilikuwa nimeshika mgongo wa dawati, sikubali kukaa. "Lakini mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya Kimbunga tena wala ya mtu yeyote niliyemjua, "ndevu je? Kila kijana aliyeondolewa, nimeangalia vizuri, alikuwa ameanza ndevu."

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa yeye. Alisimama, akanishika mkono kama anavyoshikwa mfiwa.

"Mwanangu," akasema, "yale mabawa ni nguo, yameshonwa na fundi. Na ndevu zinaota kwa kijana yeyote. Hawa watu wameazima shamba, na shamba la kuazima usipolilima, mwenyewe analichukua."